Uvimbe wa Shavu Usiouma

Mtu akivimba shavu mtaani Nguvumali, Tanga, jina la ugonjwa hulipata kabla hajafika kwa daktari. Jirani atasema ni matubwitubwi, muuza duka atasema ni jino, na bibi wa nyumba ya tatu ataapa kwamba hilo ni tambazi, na tambazi halitaki sindano. Likishapewa jina, hupimwa kwa kipimo kimoja tu: linauma au haliumi? Likiuma, bajaji inaitwa na safari ya hospitali ya Bombo inaanza. Lisipouma, “tulitazame kwanza”, na kutazama huko huenda miezi, pengine miaka.

Leo nataka kukigeuza kipimo hicho juu chini. Kwenye magonjwa ya tezi za mate, maumivu ni mshauri mbaya. Uvimbe unaomkeshesha mtu usiku kucha mara nyingi hutibika ndani ya wiki moja au mbili kwa dawa za bei ndogo, na wakati mwingine kwa maji na ndimu. Ule uliokaa kimya chini ya sikio, mwenyewe anakula nao, analala nao, anakwenda nao harusini, ndio wenye habari nzito. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sijui kama walikuwa wakifikiria mashavu, lakini wangekuwa sahihi.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu. Kubwa kuliko zote imelala mbele na chini ya sikio, na mrija wake hupita shavuni ukatokea ndani ya mdomo, mkabala na gego la pili la juu. Pitisha ncha ya ulimi hapo, utakigusa kinundu kidogo. Niels Stensen wa Denmark aliuona mrija huo mwaka 1660 huko Amsterdam akipasua kichwa cha kondoo, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Jozi ya pili imejificha chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi. Zaidi ya hizo kuna vijitezi mamia kadhaa vimetawanyika kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Vyote kwa pamoja hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Jambo moja lishikwe tangu sasa, maana tutalirudia: ndani ya ile tezi ya chini ya sikio hupita mshipa wa fahamu wa uso, unaogawanyika matawi matano. Ndio unaokunja kipaji, unaofumba jicho, unaoleta tabasamu.

Sasa tuanze na kinachouma. Kijiwe kwenye mrija wa mate hujitangaza kwa saa ya chakula. Mtu hana neno siku nzima. Akikaa kula, hasa kitu kikali, upande mmoja chini ya taya hufura pale pale, hukaza, huuma, kisha baada ya saa moja au mbili hushuka wenyewe. Mwezi wa Ramadhani huanika ugonjwa huu hadharani. Mfungaji ameshinda na kiu, mate yamepungua na kuwa mazito. Jua likizama anafungua kwa tende na gilasi ya ukwaju, tezi inaamka kwa kishindo, na njia ya kutokea imezibwa. Wengine hugundua kwa embe bichi la chumvi na pilipili, au kwa chungwa la Muheza ambalo halijaiva sawasawa.

Kati ya vijiwe 10, vinane au tisa hupatikana kwenye tezi ya chini ya taya. Sababu haina uchawi. Mate ya tezi hiyo ni mazito na yana chokaa nyingi, mrija wake ni mrefu, na yanalazimika kupanda juu ili yafike mdomoni. Sisi wa pwani tunapenda kuyalaumu maji ya visima vyetu, ambayo kweli ni magumu na mengine yana chumvi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulilinganisha maeneo yenye maji magumu na yenye maji laini, na haukuona tofauti ya vijiwe. Tuviache visima. Wa kulaumiwa ni upungufu wa maji mwilini: mvuvi aliyekesha baharini na dumu dogo la maji, mkata mkonge juani, mzee anayekwepa kunywa ili asiamke usiku kwenda haja.

Namna ya kukitafuta kijiwe ni ya zamani na haihitaji umeme. Daktari huvaa glovu, hupitisha kidole kimoja chini ya ulimi, vidole vya mkono wa pili huviweka nje chini ya taya, halafu huvuta polepole kutoka nyuma kuja mbele. Kijiwe kikiwepo hugonga kidole, kigumu, pengine kikubwa kama punje ya mchele, pengine zaidi. Kisha huiminya tezi macho yakiwa kwenye kitundu cha chini ya ulimi. Yakitoka mate maangavu, njia iko wazi. Yakitoka mazito yenye ukungu, au usaha, maambukizi yameshaingia. Tone la ndimu kwenye ulimi humaliza ubishi: upande mzima hutiririka papo hapo, ulioziba hubaki mkavu na kufura. Nimeshuhudia kijiwe cha manjano kikitoka chenyewe kwa ukandaji tu, mgonjwa akikitazama kiganjani haamini kwamba hicho ndicho kilichomnyima usingizi.

Kijiwe kilicho karibu na mdomo wa mrija hutolewa kwa kisu kidogo ndani ya kinywa, kwa ganzi, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Kilichojichimbia ndani ya tezi huenda kikahitaji tezi yenyewe itolewe. Ulaya, tangu miaka ya 1990, wameanza kuingiza kamera nyembamba ndani ya mrija na kukinasa kwa kikapu cha waya. Hadithi nzuri, lakini mgonjwa wa Tanga asikae kuisubiri. Kidole, ndimu na kisu kidogo vinatosha kwa walio wengi.

Ndugu wa kijiwe ni maambukizi ya bakteria ya ile tezi ya chini ya sikio: shavu jekundu, moto, homa, na usaha unaochuruzika kwenye kile kinundu cha gegoni. Huwapata wazee, waliofanyiwa upasuaji, na yeyote aliyekaukiwa maji. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi Julai 1881, na mwezi Agosti, akiwa kitandani amekonda na kukauka, tezi hii ilimvimba ikatunga usaha. Alifariki Septemba mwaka huo kwa sumu iliyoenea mwilini. Leo drip na antibayotiki humwokoa mtu kama huyo. Nesi anayemswakia mgonjwa mahututi na kumlowesha midomo kwa maji anazuia ugonjwa huu, ingawa kazi yake hiyo haipati sifa.

Matubwitubwi tunayajua, au tunadhani tunayajua. Ni virusi, na hili lilithibitishwa mwaka 1934. Vinasambaa kwa mate na mafua, na mtoto huanza kuvimba wiki mbili mpaka tatu baada ya kuambukizwa. Upande mmoja hutangulia, wa pili hufuata, ncha ya sikio inanyanyuka, na ndani ya siku 10 hivi mambo yameisha. Masizi ya chungu tuliyopakwa utotoni hayakudhuru wala kusaidia. Yalimweka mtoto ndani kwa aibu ya kuchekwa, na huko kukaa ndani ndiko kulikokuwa na faida, maana mgonjwa huambukiza mpaka siku 5 tangu avimbe. Chanjo ipo duniani tangu 1967. Maurice Hilleman wa Marekani aliitengeneza kwa virusi alivyovichota kwenye koo la binti yake mwenyewe. Watoto wetu wanapata chanjo ya surua na rubela kwenye sindano moja tangu 2014, ila kinga ya matubwitubwi haimo kwenye ratiba ya taifa, kwa hiyo tutaendelea kuyaona. Mwanamume aliyebalehe akiyapata, korodani zinaweza kuvimba. Utasa kamili hutokea kwa wachache sana, kinyume na hofu ya mtaani.

Lakini sikilizeni jambo ambalo wazazi wengi hupitiwa nalo. Matubwitubwi kwa kawaida humpata mtu mara moja maishani. Mtoto anayeambiwa ana matubwitubwi kwa mara ya tatu hana matubwitubwi. Na mtoto ambaye mashavu yamevimba pande zote mbili, hayaumi, hana homa, na mwezi wa pili unakatika, huyo naye hana.

Hapa ndipo tunaingia upande wa kimya.

Virusi vya UKIMWI vina tabia ya kuzijaza tezi za chini ya masikio chembe nyeupe za damu, na wakati mwingine vifuko vya maji. Mashavu huwa makubwa, laini, hayaumi, sura inakuwa pana chini. Kwa watoto dalili hii ina uzito wa pekee, kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya hatua za ugonjwa, hatua ya pili. Na kuna jambo la kushangaza: watoto wenye mashavu haya mara nyingi ni wale ambao ugonjwa unakwenda nao taratibu. Mtoto wa namna hii aliambukizwa wakati wa kuzaliwa au kunyonya, hakufa mdogo, amekua, yuko darasa la tatu au la nne, anacheza mpira. Anaonekana mnene wa afya. Bibi anayemlea husifiwa kwa kumlisha vizuri.

Ninalisema hili bila kuzungukazunguka kwa sababu dawa zipo. Dawa za kupunguza makali ya VVU zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Mashavu hayo hayahitaji kisu. Mgonjwa akishaanza dawa na kuzifuata, mara nyingi hupungua. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu, cha dakika chache, kwa kila mwenye uvimbe wa namna hii, mtoto kwa mtu mzima, sheikh kwa mchungaji. Mhudumu anayeona aibu kupendekeza kipimo kwa kuwa anaifahamu familia anamwibia mtoto miaka. Akishajulikana, tezi zake zikaguliwe kila anapokwenda kliniki, kwa sababu uvimbe huo ukibadilika ghafla, ukawa mgumu au ukakimbilia upande mmoja, huenda saratani ya chembe hizo nyeupe imeanza.

Kivimbe laini cha bluu kinachotokea chini ya ulimi nacho kina hadithi inayofanana. Hutokana na tezi ya chini ya ulimi inayovuja mate kwenye nyama. Madaktari wa Zimbabwe waliandika juu ya wagonjwa 83 wa kivimbe hiki na kukuta wengi wa waliopimwa wana VVU. Kukitoboa hakusaidii, kitajaa tena. Hutolewa pamoja na tezi yake. Na msiwapeleke watoto wenye kivimbe hiki kwa wakata vimeo.

Kabla hatujafika kwa watu wazima, neno moja la haraka kuhusu uvimbe wa taya kwa mtoto ambao hauna uhusiano na mate ila huchanganywa nayo kila siku. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya watoto wa Uganda waliovimba mataya, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu safari ya kilomita 16,000 hivi, wakipita Tanganyika, kuchora ramani ya ugonjwa huo. Ramani ilifuata joto, mvua na malaria, na ukanda wa pwani yetu umo. Uvimbe huu hukua kwa siku, meno hulegea yakiwa mazima. Dawa za saratani huuyeyusha ukiwahiwa. Ukingoja “matubwitubwi yapite”, umechelewa.

Sasa tumfikirie mama wa miaka 40 na kitu, mkazi wa mtaa wowote hapa. Chini ya ncha ya sikio lake ana kivimbe kigumu kiasi, kinachotembea kikisukumwa, hakiumi hata kidogo. Alikiona mwaka juzi akivaa hereni. Kinakua, ila kwa mwendo wa kobe. Huyu kwa uwezekano mkubwa ana uvimbe mchanganyiko wa tezi ya sikio, usio saratani, unaoongoza kwenye orodha ya uvimbe wa tezi za mate duniani kote. Kanuni ya vitabuni ni ya thamanini: asilimia 80 ya uvimbe wa tezi za mate huwa kwenye tezi ya sikio, asilimia 80 ya huo si saratani, na mwingi kati ya huo ni huu wa mama yetu.

Kanuni hiyo imeandikwa na watu wa mbali. Watafiti wa Muhimbili, Masanja, Kalyanyama na Simon, walichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa uvimbe wa tezi za mate Tanzania. Mwaka uliofuata Edda Vuhahula, mtaalamu wa patholojia ya kinywa wa Muhimbili, alichapisha wa Uganda. Kwenye kazi hiyo ya Uganda uvimbe mchanganyiko unaongoza vilevile, ila sehemu ya saratani inakaribia nusu, mbali na ile tunayosomeshwa. Je, Waafrika Mashariki tuna tezi mbaya zaidi? Sidhani. Maelezo ninayoyaamini ni mepesi na ya kusikitisha zaidi: vitabu vya Ulaya huhesabu watu waliokuja na kivimbe cha ukubwa wa kunde, sisi tunahesabu waliofika hospitali. Wenye vivimbe vidogo visivyouma wako nyumbani wanavitazama.

Na kutazama kuna gharama. Uvimbe huu usio saratani unaweza kugeuka. Katika miaka 5 ya kwanza uwezekano uko kwenye asilimia 1 au 2. Baada ya miaka 15 makadirio hufika karibu asilimia 10. Siku ukigeuka, huanza kukimbia, hushika ngozi, haukubali tena kusukumwa, na huuingia ule mshipa wa uso. Jicho linakataa kufumba, mdomo unapinda. Shavu lenye uvimbe likiambatana na uso uliopinda, daktari huanza kufikiria saratani hata kabla ya kupima.

Ndio maana inanisikitisha sababu wanayoitoa wengi ya kukwepa upasuaji: “Nitapinda mdomo.” Hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Daktari bingwa hulazimika kuutafuta mshipa, kuufuata tawi kwa tawi, na kuuondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, kwa sababu ukikamuliwa peke yake hubakiza vipande na hurudi ukiwa vivimbe vingi. Uso unaweza kulegea kwa wiki au miezi kadhaa. Kwa uvimbe usio saratani mikononi mwa mzoefu, kupinda kwa kudumu ni nadra. Anayengoja ndiye anayejiweka kwenye hatari kubwa ya kupinda. Kibaya zaidi ni wembe. Kivimbe kilicho mbele ya sikio si jipu, hakipasuliwi kwenye chumba cha kufungia vidonda, wala hakichanjwi chale barazani. Mkato mmoja wa mtu asiyejua unaweza kulikata tawi linalofumba jicho.

Kuhusu sindano, nadhani naelewa imani kwamba tambazi halitaki sindano ilikotoka. Jino bovu lisipotibiwa, usaha wake unaweza kushuka shingoni mpaka kifuani. Mgonjwa huyo huletwa siku ya sita, hoi, anachomwa sindano, anafariki usiku, na sindano inabeba lawama ya siku tano za kukawia. Sindano ya kuchukua sampuli kwenye tezi ni nyembamba kuliko ya kutolea damu. Haikuzi uvimbe, na hofu kwamba inasambaza saratani isimzuie mtu. Humwambia daktari bingwa, kabla hajashika kisu, anakwenda kukutana na nini.

Tahadhari ya mwisho ni ya kaakaa. Uvimbe wa vijitezi vidogo ni haba, lakini karibu nusu yake ni saratani. Kinundu kigumu juu ya kaakaa, pembeni, kisichouma, ambacho mtu amekizoea na kukilamba kwa ulimi, kikaguliwe bila mjadala. Mmoja katika jamii hiyo hutambaa ndani ya mishipa ya fahamu na kuleta ganzi, na unaweza kurudi mapafuni miaka mingi baada ya upasuaji.

Kinywa kikavu ningekiandikia safu yake. Kwa leo itoshe kusema kwamba wazee wengi wanaolalamika kukaukiwa mate wana sababu ndani ya mfuko wao wa dawa: vidonge vya kukojosha vya presha, amitriptilini, vidonge vya mafua na mzio. Waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo hospitali ya Ocean Road hubaki na ukavu wa muda mrefu, na meno yao huoza haraka wasipopata matunzo. Mwenye kisukari au mnywaji wa siku nyingi anaweza kuvimba mashavu yote mawili bila maumivu, na dawa ya shavu lake iko kwenye kudhibiti sukari au kuacha chupa.

Ombi langu kwenu, wa Nguvumali, Mabawa, Makorora na mpaka Muheza, ni dogo. Uvimbe wowote mbele ya sikio, chini ya taya au juu ya kaakaa uliofikisha wiki 3, uume usiume, upelekeni ukaguswe na daktari. Antibayotiki za duka la dawa muhimu zikishamalizwa mara moja na uvimbe ukabaki pale pale, msinunue dozi ya pili. Anzeni kitengo cha kinywa na meno Bombo; wakiona inafaa watawapa rufaa ya hospitali ya KCMC au Muhimbili. Mkiwa mbele ya daktari, ulizeni sampuli itachukuliwa lini na majibu yatatoka lini, na msiondoke bila tarehe.